Sura Iliyofunikwa Nta

Nilibandua nta. Hilo nalisema mwanzo kabisa, kabla hujasikia chochote, kwa sababu kila nikihadithia kisa hiki watu hunikatiza katikati na kuniuliza, "Sasa we ulikuwa unatafuta nini?" Sikuwa natafuta kitu. Nilikuwa na kucha, nilikuwa na muda, na mbele yangu pana kitu nilichokatazwa tangu nipo mdogo. Tena sikuishia kubandua tu. Nilichofanya baada ya hapo ndicho kibaya zaidi, na nitakieleza, usiwe na haraka.

Wanaonijua shuleni watasema huyu muongo. Kweli, mie ndiye niliyemwambia mwalimu wa fizikia kuwa sikufanya kazi ya nyumbani kwa sababu paka wetu kafiwa na mumewe na tuko naye kwenye eda. Lakini hili si katika yale. Wallahi hili lilitokea, nyumbani kwetu Azaiba, hapa Maskati, si mbali na barabara kubwa yenye maduka, mchana kweupe. Najua ulitaraji nikwambie usiku, mbwa wanalia, taa zimezimika. Hapana. Ilikuwa saa ile ya baada ya chakula, kiangazi, jua linawaka mpaka lami inanata kwenye kandambili, na Maskati nzima imelala. Nani kakwambia wao hutoka usiku tu?

Nyumbani kwetu kuna kipande cha fedha. Nasema fedha madini, si pesa za kununulia kitu. Bibi yangu, mama yake Mama, huiita "fedha ya watoto". Kila mtoto wa ukoo wetu akizaliwa huwekewa chini ya godoro lake, ndani ya kifuko cha kitambaa, na hulala juu yake mpaka aote jino la kwanza. Mzee mmoja wa zamani katika ukoo aliiokota huko Quriyat, pwani ya Oman, akasafiri nayo hadi Unguja, ikakaa Unguja vizazi na vizazi, kisha ikarudi Oman kwa ndege ndani ya sidiria ya Bibi. Hilo la sidiria Bibi hapendi nilitaje, lakini nimeshasema nasema kweli. Na siku zote, pande zote mbili, imefunikwa nta ya nyuki, nene, nyeusi kwa uzee. Ukimuuliza Bibi kwa nini, hujibu, "Fedha yake tunaitaka. Mwenyewe hatumtaki."

Mwenyewe nani, Bibi?

"Hatumtaki, nshakwambia."

Basi mwaka huu akazaliwa Salma, mdogo wangu. Uelewe kwanza Salma ni nani kwetu. Baina yangu na yeye pana miaka mingi na mimba kadhaa ambazo hazikufika. Mama alishakata tamaa, nguo zangu za utotoni alishazigawa. Salma alipokuja, nyumba nzima ilianza kutembea kwa vidole vya miguu. Mie ambaye zamani nikikohoa naletewa maji ya tangawizi, sasa nikikohoa naambiwa nikakohoe nje. Sikuwa na kinyongo, niamini. Nilikuwa namchekesha Mama, namwambia, "Nipeni basi na mie cheti, kiandikwe: mtoto wa zamani." Anacheka, anasema nitoke mlangoni namzibia mtoto hewa.

Siku moja kabla ya arubaini ya Salma, Bibi alikaa jikoni kupika vileja vya wageni. Unga wa mchele, samli, hiliki, unavijua. Mie nilipewa kazi ya kuvitia nakshi kwa uma, kisha kuvipanga kwenye sinia la oveni. Uma ukanichosha. Nikaingia chumbani kwa Mama kuchungulia kama wamelala, wamelala. Kifuko kinachungulia chini ya kigodoro cha Salma. Nikakichomoa.

Nta ilibanduka kama ganda la kidonda, kipande kizima. Upande mmoja kikatokea kichwa cha mtu, kimechorwa kwa ubavu, kajivika kichwa cha simba: mdomo wa simba umemfunika paji la uso, makucha yamefungwa shingoni. Nilicheka. Nikasema huyu jamaa kavaa simba kama mie ninavyovaa kofia ya sweta. Pua imelika kidogo, lakini jicho zima, kubwa, limetazama mbele. Upande wa pili mtu kakaa kwenye kiti cha enzi, miguu kwenye kigoda, mkono mmoja kashika fimbo ndefu, mkono mwengine kaunyosha mbele, kiganja juu. Na juu ya kiganja hapana kitu.

Nikaipiga picha, nikaitafuta kwenye simu. Ikaja mara moja, na ndugu zake wengi, kwenye makabati ya vioo ya nchi za watu. Sarafu ya fedha ya Wayunani, Wagiriki wa kale. Kichwa kile ni cha shujaa wao, mwana wa mungu wao, ingawa wengine wanasema mfalme alijichora mwenyewe pale ili watu wasijue yeye anaishia wapi na mungu anaanzia wapi. Aliyekaa kitini ndiye mungu wao mkubwa. Mfalme alipokufa, waliomrithi wakaendelea kuchapa sura ile ile, na mpaka pwani zetu hizi za Waarabu watu wakaiga, watu ambao hawakumwona mfalme wala hawakumjua mungu. Lakini katika picha zote zile, juu ya kiganja cha yule aliyekaa pana ndege. Tai. Kwenye yetu tai kafutika. Vidole vya nani vilimfuta, sijui. Mkono umebaki umenyoshwa tu.

Sasa sikiliza ujinga. Nilirudi jikoni, nikaiosha ile sarafu kwa maji, nikaanza kuchapia vileja. Hiki kichwa, hiki kiti. Hiki kichwa, hiki kiti. Sura zilitoka nzuri, wallahi, mpaka manyoya ya simba unayahesabu. Bibi ana mtoto wa jicho, akakinyanyua kimoja akakisogeza puani.

"Maua gani haya?"

"Maua ya Ulaya, Bibi."

"Mazuri. Leo umetumia akili."

Nta nilijaribu kuirudishia, ikavunjika vipande vipande. Nikaitia sarafu kifukoni tupu, bila ya nguo yake ya nta, nikairudisha chini ya Salma.

Kesho yake wageni walikula, wakasifu. Vilivyobaki Bibi akavitia kwenye sahani, akafunika vitambaa, akanituma nizipeleke kwa majirani wa mtaa wetu, kama ilivyo ada. Nilizipeleka kwa heshima zote huku moyoni nakufa kwa kicheko. Wazee wa watu, wa swala tano, wanatafuna mungu wa Wagiriki kwa chai ya maziwa! Rafiki yangu Khalfan, anayekaa mwisho wa mtaa, ndiye peke yake aliyekigeuza kileja chake akakitazama.

"Yakhe, mbona hiki kina mtu?"

"Mle kabla hajakula wewe," nikamwambia.

Nimejuta kwa maneno hayo kuliko yote niliyowahi kusema.

Usiku ule Salma hakulia. Watu wakasema mashallah, arubaini imemtuliza. Kesho yake hakulia pia. Alikuwa amelala chali, macho wazi, anatazama pahala pamoja, ukutani, pasipo na kitu. Ukimpitishia mkono mbele ya uso hapepesi. Ziwa akawa analishika kisha analiacha, kama mtu aliyeitwa na mwengine. Mama na Baba wakampeleka hospitali, wakarudi naye, wakaambiwa mtoto hana kitu, joto tu, mpeni maziwa kidogo kidogo. Akapungua. Unajua mtoto wa arubaini akipungua anavyoonekana? Shingo huwa kama kitambaa. Mama akaacha kucheka maneno yangu. Nikayasema machache zaidi.

Kisha Khalfan akanipigia simu.

"Jana mchana kaja mtu kwetu," akasema. "Baba kamkuta kakaa kwenye kiti cha bawabu, kivulini. Mkono kaunyosha hivi. Baba kadhani maskini, kamtilia chupa ya maji mkononi. Ikaanguka. Kamtilia tena, ikaanguka tena. Anasema kama vile mkono haupo."

"Baba yako kashikwa na jua."

"Na leo kaonekana nyumba ya pili yetu. Mama kasikia kwa jirani. Hasemi kitu. Anakaa, kisha hayupo."

Nilimcheka. Nilimwambia labda ni mtu wa kampuni ya umeme. Lakini nilipokata simu nikakaa kitandani, nikaanza kuhesabu milango. Nyumba ya Khalfan ndiyo niliyoipelekea sahani ya mwisho. Nyumba ya pili yake ndiyo niliyoipelekea kabla ya hiyo. Mtu yule alikuwa anarudi njia yangu mwenyewe, mlango kwa mlango, kuelekea zilikotoka.

Na ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Mfalme anachapa sura yake kwa nini? Ili kila inapofika, pawe pake. Mie nilimchapa, nikampeleka mtaa mzima, nikamfunikia na kitambaa safi juu yake. Kwa miaka yote ile watu wetu walimziba macho. Mie nikamzibua, nikamwonyesha njia.

Unaweza kuuliza, kwa nini hukusema? Ningesemaje? Mama kakaa na mtoto mapajani, hali, halali, nami niende nimwambie ni mimi? Niliiendea ile sarafu ili niitie nta ya mshumaa, lakini Mama hakuondoka chumbani hata mara moja, wala mkono wake haukuondoka kwenye kigodoro cha Salma.

Siku iliyofuata, baada ya chakula, nyumba ililala. Baba kazini. Bibi chumbani kwake anakoroma. Mama naye, baada ya siku hizo zote, usingizi ulimwangusha kando ya Salma. Nilitoka kwenda kuchukua maji. Nikapita mlango wa sebule. Akawa amekaa.

Alikuwa kwenye kiti cha Baba. Miguu juu ya kijimeza cha kahawa. Mkono wa kushoto kauinua kama kashika fimbo, na fimbo haipo. Wa kulia kaunyosha mbele, kiganja juu. Rangi yake ilikuwa ya fedha iliyokaa sana kabatini, ile kijivu yenye weusi kwenye mikunjo. Pua imelika. Na ninakwambia hili ulisikie vizuri: alikuwa ubavu tu. Nilisogea kushoto, nikamwona ubavu. Nilisogea kulia mpaka nikagusa pazia, nikamwona ubavu ule ule, jicho lile moja. Uso wa mbele hakuwa nao. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa, na sebule ilikuwa baridi, inanuka kama kiganja chako ukishika chuma muda mrefu.

Unadhani nilikimbia? Wapi! Na mimi nikiogopa mdomo hujifungua wenyewe. Nikasema, "Karibu. Chai au kahawa?"

Hakugeuka. Angegeukaje?

Nikachukua tende kwenye sahani, nikaiweka kwenye kile kiganja. Ikapita, ikaanguka kwenye zulia. Nikaweka kikombe, kikaanguka. Nikaweka rimoti ya televisheni. Naona unacheka, mimi sikuwa nacheka, nilikuwa naweka kila kilichokuwa karibu, na machozi yananitoka.

Kisha akasema. Mdomo haukucheza, lakini alisema, na alisema Kiswahili. Kiswahili cha Unguja cha zamani, cha bibi zake Bibi. Angejulia wapi chengine, na miaka yote kalala chini ya vitanda vyetu?

"Mkono wangu mtupu," akasema. "Nipe yule aliyelala juu yangu."

Na kule chumbani Salma akacheka. Mtoto wa arubaini, aliyekuwa hana hata nguvu ya kulia, akacheka kicheko cha mtu mkubwa aliyeitwa jina lake. Mlango wa chumbani ukafunguka taratibu, peke yake. Ule mkono ukaanza kushuka, kiganja kikajikunja kidogo, kama unavyofanya ukitaka kupokea kichwa cha mtoto.

Sikufikiri. Watu wananiambia nilikuwa shujaa, na mie nawaambia shujaa hufikiri. Nilisema tu kilichonijia.

"Hata mie nimelala juu yako," nikasema. "Mie wa mwanzo. Mpaka nikaota jino. Muulize Bibi."

Mkono ukasita.

Nikautia wangu juu yake. Wa kulia, kiganja kwa kiganja. Haukupita. Haukuanguka. Ulishikwa.

Baridi ile siwezi kukwambia ilikuwaje. Ilipanda mpaka begani. Halafu nikahisi kidole gumba, kizito, kinapita kwenye kiganja changu. Kinakwenda, kinarudi. Kama mtu anayesugua sarafu ajue ni ya nani. Kinakwenda, kinarudi, bila ya haraka, na kila kilipopita nilihisi kitu changu kinapungua, hakiumi, kinapungua tu. Nilikuwa nimelitazama lile jicho moja, na nikaona halinichukii. Halinipendi pia. Lilikuwa limetazama mbele, kama lilivyotazama mbele ya watu wote waliokwisha kufa.

Muda gani nilisimama pale, sijui. Kilichonitoa ni kilio. Salma alilia. Kilio cha njaa, cha hasira, cha kupasua masikio, na azana ya alasiri ikaingia juu yake. Nilipotazama, mkono wangu ulikuwa umenyoshwa mbele ya kiti kitupu, na miguuni pana tende, kikombe na rimoti.

Salma alinyonya siku ile mpaka Mama akasema ameumia. Sasa ni mnene, ana mashavu kama maandazi, na ananing'ata bila ya meno.

Jioni ile nilimwendea Bibi na kile kifuko, nikamweleza yote, na vile vileja pia. Hakunipiga. Aliupapasa mkono wangu kwa vidole vyake, mara mbili, kisha akawasha jiko, akayeyusha nta, akaichovya sarafu mpaka ikawa donge. Hakuitazama, nami sikuitazama. Kama mkono wa yule aliyekaa kitini bado mtupu au umepata kitu, sijui, na sitaki kujua. Salma hakurudishwa juu yake tena.

Kiganja changu cha kulia hakina mistari. Wala vidole havina alama. Ni laini, kama kitu kilichopita kwenye mikono mingi. Simu yangu hainijui. Nilipokwenda kutoa kitambulisho kipya, yule dada wa dirishani alinifutisha kioo cha mashine, akaniosha mikono kwa maji ya moto, akamwita mkubwa wake, mwisho wakachukua mkono wa kushoto. Daktari wa ngozi kasema ni jambo la nadra, akaniandikia mafuta. Moto siuhisi mpaka ninuke. Na watu ninaowapa mkono, hata wasionijua, hukigeuza kiganja changu wakakitazama upande wa pili, kisha wakaniachia haraka, na hawajui kwa nini wamefanya hivyo. Khalfan ananiita "mwenye mkono wa mfalme". Namwachia acheke. Ananidai kicheko.

Basi wewe unayenisikiliza, kama kwenu kuna kitu kimefungwa, kimefunikwa, na wakubwa hawawezi kukueleza kwa nini, usidhani hawana akili. Huenda waliojua walikufa, wakabaki wanaokumbuka kufunika tu, na kufunika kunatosha. Wache. Chezea simu yako. Na ukishafanya ujinga, usikae nao kitandani kama nilivyokaa mimi, mwambie mtu siku ile ile.

Mama nilimwambia mwisho. Aliona nanywa maji kwa mkono wa kushoto, akanishika nguo mpaka nikasema. Salma alikuwa ziwani. Nilingojea kofi, nilingojea kelele, nikamwahi kwa mzaha, nikamwambia si kitu, Mama, nilitoa yule wa zamani nikabakisha mpya. Hakucheka. Aliukamata mkono wangu ule, akaufunga ndani ya wake, na alichosema ni hiki, sikuongeza wala sikupunguza:

"Nani kakwambia mie nna mtoto wa kuchungwa na mtoto wa kutolewa? Mie nna wawili. Siku nyengine akija mtu kwangu kutaka mtoto, niamshe."